Salvador da Bahia: mwongozo wa mji wa fukwe uliojengwa na Waafrika

Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia kaskazini mashariki mwa Brazil, una wakazi wapatao milioni mbili na laki nne. Zaidi ya wanane kati ya kila kumi ni weusi au wenye asili mchanganyiko. Mawakala wa utalii huutangaza mji huu kwa mambo mawili, fukwe na kanivali, na yote mawili yapo kwa wingi. Lakini kwa msafiri atokaye Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura, au kwa Mswahili aishiye Muscat, London au Minneapolis, liko jambo la tatu lenye uzito zaidi: mji wenyewe, kuanzia mawe ya barabara zake hadi chakula kinachokaangwa kando yake, ni kazi ya mikono ya Waafrika waliopelekwa huko utumwani.

Historia hiyo haionekani kutoka ufukweni. Msafiri asiyejipanga hurudi nyumbani na picha za bahari peke yake, tena pengine baada ya kulipa mara mbili ya bei kwa kuwa alifika katika wiki asiyoikusudia. Yafuatayo ni mambo ya kuzingatia kabla ya kununua tiketi.

Mahali na hali ya hewa

Salvador iko karibu nyuzi 13 kusini mwa Ikweta, sawa na mji wa Pemba ulioko Cabo Delgado nchini Msumbiji, ila kwenye pwani ya bahari nyingine. Mji umekaa juu ya rasi. Upande wa magharibi ni ghuba pana na tulivu iitwayo Baía de Todos os Santos, yaani Ghuba ya Watakatifu Wote, na upande wa mashariki ni Bahari ya Atlantiki yenye mawimbi makali.

Joto hubadilika kidogo tu, kati ya nyuzi 22 na 31 za Selsiasi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kinachobadilika ni mvua. Mvua kubwa hunyesha kuanzia Aprili hadi Julai, na mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ataitambua mara moja kuwa ni masika. Miezi ya Septemba hadi Novemba huwa mikavu zaidi, hoteli hazijajaa na bei huwa nafuu. Kuanzia mwisho wa Desemba hadi kanivali, bei hupanda na vyumba huadimika.

Saa za Salvador ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa sita. Inapokuwa saa sita mchana Salvador, Nairobi na Dar es Salaam ni saa kumi na mbili jioni, na Muscat ni saa moja usiku.

Kalenda ya sikukuu

Tarehe ya safari ndiyo uamuzi wa kwanza, kwani sikukuu za Salvador hufunga barabara na kubadili bei.

Alhamisi ya pili baada ya tarehe 6 Januari hufanyika uoshaji wa ngazi za kanisa la Bonfim. Wanawake waliovaa mavazi meupe huongoza maandamano ya takriban kilomita 8 kutoka kanisa la Conceição da Praia, wakiwa na mitungi ya maji yenye manukato. Ibada hiyo huwakutanisha Wakatoliki na waumini wa Candomblé, dini iliyotokana na imani za Wayoruba, Wafon na watu wa jamii za Kibantu.

Tarehe 2 Februari wavuvi wa mtaa wa Rio Vermelho hupeleka baharini zawadi za Iemanjá, mama wa bahari katika imani hiyo. Maua, sabuni na vioo hupakiwa mashuani mbele ya umati mkubwa.

Kanivali huanza Alhamisi inayotangulia Jumatano ya Majivu na kumalizika asubuhi ya Jumatano hiyo. Mwaka 2027, kwa mfano, Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari. Waislamu wazingatie kwamba mwaka huo mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuandama katika siku hizo hizo.

Tarehe 2 Julai watu wa Bahia huadhimisha kufukuzwa kwa majeshi ya Ureno mwaka 1823. Tarehe 20 Novemba ni Siku ya Mwamko wa Weusi, inayomkumbuka Zumbi, kiongozi wa watumwa waliotoroka na kuishi huru huko Palmares, aliyeuawa mwaka 1695. Siku hiyo imekuwa sikukuu ya taifa zima tangu mwaka 2024.

Viza na chanjo

Wenye pasipoti za nchi za Afrika Mashariki kwa kawaida huhitaji viza iliyopatikana kabla ya kusafiri. Brazil ina balozi zake Nairobi, Dar es Salaam na Kinshasa. Wenye pasipoti za Uingereza huingia bila viza kwa matembezi yasiyozidi siku 90. Raia wa Marekani na Kanada walirejeshewa sharti la viza mnamo Aprili 2025, na huiomba kwa njia ya intaneti. Kwa kuwa masharti haya hubadilika, taarifa ya ubalozi ndiyo ya kutegemewa.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni safari ya kurudi. Brazil imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Kenya na Tanzania hudai cheti cha chanjo kwa msafiri anayewasili kutoka nchi za namna hiyo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Tangu mwaka 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote, hivyo aliyechanjwa zamani hahitaji kurudia.

Malaria si tatizo la Salvador. Hofu iliyopo ni ya mbu wanaouma mchana na kuambukiza dengi, zika na chikungunya. Mwaka 2024 Brazil ilipatwa na mlipuko mkubwa wa dengi uliowakumba mamilioni ya watu. Dawa ya kufukuza mbu na nguo ndefu ni kinga ya lazima, hasa kwa mama mjamzito.

Njia ya kufika

Kutoka Afrika Mashariki, njia fupi zaidi hupitia Addis Ababa hadi São Paulo kwa ndege za Ethiopian Airlines. Wa Ghuba huweza kupita Dubai au Doha, pia hadi São Paulo. Kutoka Ulaya, shirika la TAP la Ureno huruka moja kwa moja kutoka Lisbon hadi Salvador. Raia wa Kongo na wa Somalia wakumbuke kwamba huhitaji viza ya kupita hata wasipotoka nje ya uwanja wa ndege wa nchi za Schengen.

Anayepitia São Paulo hukaguliwa pasipoti hapo hapo, huchukua mizigo yake, hupita forodha, kisha huikabidhi tena kwa ndege ya ndani. Kazi hiyo huchukua muda, na kuacha saa tatu au zaidi kati ya ndege mbili ni busara. Kutoka hapo hadi Salvador ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi.

Uwanja wa ndege wa Salvador uko takriban kilomita 28 kutoka mji wa kale. Treni ya mjini hufika karibu na uwanja huo, na basi huwaunganisha abiria na kituo.

Mitaa na fukwe

Mtaa wa Barra, kwenye ncha ya rasi, ndio unaomfaa mgeni wa mara ya kwanza. Hapo pana ngome yenye mnara wa taa za meli na jumba la makumbusho ya bahari. Ufukwe wa Porto da Barra umeelekea magharibi, ndani ya ghuba, hivyo maji yake ni matulivu na machweo huonekana juu ya bahari. Watoto na wasiojua kuogelea vizuri watafaidika zaidi hapo, ingawa mwishoni mwa wiki hakuna hata nafasi ya kutandika kanga.

Rio Vermelho ni mtaa wa wasanii, mikahawa na shughuli za usiku. Itapuã, Stella Maris na Flamengo ziko mbali upande wa Atlantiki, karibu na uwanja wa ndege. Mchanga ni mwingi na nafasi ni kubwa, lakini mikondo ya bahari ina nguvu na bendera nyekundu haziwekwi kwa mapambo. Baadhi ya wasafiri hupendelea kulala Pelourinho, ndani ya mji wa kale, ili kuamka katikati ya historia.

Mji wa juu na mji wa chini

Gavana Mreno Tomé de Sousa aliuanzisha mji huu mwaka 1549 uwe makao makuu ya koloni, nusu karne baada ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi na miongo minne kabla ya wenzake kuanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa. Ulibaki mji mkuu wa Brazil hadi mwaka 1763. Mali yake ilikuwa sukari na tumbaku, na nguvu kazi yake ilikuwa watumwa. Waafrika zaidi ya milioni moja walishushwa Bahia, wengi wao kutoka Angola na kutoka pwani ya nchi ambazo leo ni Benin na Nigeria. Brazil ilifuta utumwa tarehe 13 Mei 1888, ikiwa nchi ya mwisho katika mabara ya Amerika kufanya hivyo.

Mji umegawanyika sehemu mbili. Chini ni bandari na masoko, juu ni makanisa na majumba ya serikali. Sehemu hizo huunganishwa na lifti ya Lacerda, iliyofunguliwa mwaka 1873 na yenye kimo cha mita 72.

Mtaa mashuhuri wa juu ni Pelourinho. Watalii hulitamka jina hilo bila kujua kwamba maana yake ni nguzo ya kuwafungia watu na kuwachapa viboko hadharani. UNESCO iliuweka mji huo wa kale katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1985. Katika miaka ya 1990 serikali ya jimbo ilizikarabati nyumba zake na kuzipaka rangi za kupendeza, lakini maelfu ya wakazi, wengi wao maskini na weusi, waliondolewa ili kupisha maduka na hoteli. Anayeshangaa kuona mtaa mzuri namna hiyo ukiwa na wenyeji wachache sasa anayo sababu.

Kanisa la Rosário dos Pretos, yaani Rozari ya Watu Weusi, lilijengwa na Waafrika wenyewe, watumwa na walioachwa huru, kwa kazi iliyochukua karibu karne nzima. Misa yake ya Jumanne jioni husindikizwa na ngoma. Kanisa la São Francisco, maarufu kwa nakshi za dhahabu, lilifungwa baada ya sehemu ya dari yake kuporomoka mnamo Februari 2025 na kumwua mtalii mmoja. Mgeni aulizie kwanza hali yake kabla ya kuliweka katika ratiba.

Katika uwanja wa Terreiro de Jesus lipo Jumba la Makumbusho ya Afrika na Brazil, lililofunguliwa mwaka 1982 ndani ya jengo la chuo cha kwanza cha udaktari nchini humo. Mbao kubwa zilizochongwa na msanii Carybé, zinazoonyesha miungu ya Candomblé, zinatosha kuwa sababu ya kuingia.

Usiku wa Januari 1835

Wasomaji Waislamu watapenda kujua kwamba moja ya maasi makubwa ya watumwa mijini katika historia ya Amerika ilipangwa Salvador na Waislamu, tena katika siku za mwisho za Ramadhani. Wenyeji waliwaita Waislamu hao Malê, kutokana na neno la Kiyoruba. Wengi walikuwa Wayoruba na Wahausa, na wengi wao walijua kusoma na kuandika Kiarabu katika mji ambamo mabwana wengi hawakujua hata kuandika Kireno.

Siri yao ilivuja. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835 askari waliivamia nyumba moja katika mteremko wa Ladeira da Praça, na wapiganaji wakalazimika kutoka kabla ya saa waliyopanga. Watu wapatao 600 walipigana mitaani kwa saa kadhaa. Takriban 70 waliuawa. Baadaye wanne walihukumiwa na kupigwa risasi mahali paitwapo Campo da Pólvora, na wengine walichapwa viboko, walifungwa au walirudishwa Afrika kwa nguvu.

Polisi walikusanya hirizi na karatasi zenye aya za Kurani kama ushahidi. Sehemu ya karatasi hizo ingali imehifadhiwa katika Nyaraka za Jimbo la Bahia. Mwanahistoria João José Reis ndiye aliyeuchambua uasi huo kwa kina kuliko mwingine yeyote. Leo Campo da Pólvora ni kituo cha treni, na abiria hupita hapo kila siku kwenda kazini.

Kanivali na kamba yake

Kanivali ya Salvador haina uwanja wa maonyesho kama ya Rio. Malori makubwa yenye vipaza sauti na wanamuziki juu yake hupita barabarani, na watu huyafuata kwa miguu. Desturi hiyo ilianzishwa mwaka 1950 na mafundi wawili, Dodô na Osmar, waliofunga vipaza sauti kwenye gari kuukuu.

Mgeni huchagua njia moja kati ya tatu. Anaweza kununua fulana ya kundi fulani, iitwayo abadá, na kucheza ndani ya kamba inayolizunguka lori. Anaweza kulipia jukwaa lenye kivuli na chakula. Au anaweza kukaa nje ya kamba bila kulipa chochote, pamoja na umati ambao wenyeji huuita pipoca, yaani bisi, kwa jinsi unavyorukaruka.

Kamba hiyo hushikwa kwa mikono na mamia ya vibarua wa malipo madogo, wengi wao weusi, huku waliomo ndani wakiwa ni wale wenye uwezo. Zamani baadhi ya makundi hayakuwapokea weusi kabisa. Ndiyo sababu vijana wa mtaa wa Liberdade waliunda kundi la Ilê Aiyê mwaka 1974, la watu weusi peke yao, na kuingia barabarani mwaka uliofuata. Kutoka kwake Curuzu usiku wa Jumamosi ya kanivali, kwa ngoma na sala, ni tukio ambalo msafiri kutoka Afrika hapaswi kulikosa. Olodum, lililoanzishwa mwaka 1979, lilijulikana duniani kote baada ya Michael Jackson kupiga nalo picha za video huko Pelourinho mwaka 1996.

Chakula

Mswahili hatakuwa mgeni mezani. Acarajé, inayouzwa barabarani na wanawake waliovaa vilemba na magauni meupe, ni bajia ya kunde iliyokaangwa kwa mafuta ya mawese, kisha ikapasuliwa na kujazwa kamba na pilipili. Moqueca ni samaki aliyepikwa kwa tui la nazi, nyanya na mawese, ndugu wa karibu wa samaki wa kupaka. Caruru ni bamia. Madafu huuzwa kila ufukwe.

Wakazi wa Ghuba hula kuku wa Brazil karibu kila wiki, kwa kuwa nchi hiyo ni muuzaji mkubwa wa nyama ya halali duniani. Hata hivyo, uhalali huo ni wa bidhaa za kuuza nje, wala haimaanishi kwamba mkahawa wa Salvador unachinja vivyo hivyo. Feijoada, chakula cha maharage kinachopendwa nchini kote, huwa na nyama ya nguruwe. Samaki na kamba ndio njia salama.

Lugha

Kiingereza hakisaidii sana nje ya hoteli. Mgeni mweusi ataongeleshwa Kireno na kila mtu, kwa kuwa atadhaniwa kuwa mwenyeji. Faraja ni kwamba Kiswahili kilikopa kwa Wareno zamani: meza, mvinyo, bendera na leso vitatambulika kwa urahisi. Hata kibao kilichoandikwa igreja kisimtishe mtu. Ni kanisa, ingawa ndilo neno lililotuzalia gereza.

Kireno cha Brazil nacho kilikopa kwa Wabantu. Shanga huitwa miçanga, neno lenye asili ya Kimbundu cha Angola, na kitinda mimba huitwa caçula, kutoka lugha hiyo hiyo.

Fedha na usalama

Fedha ya Brazil ni real. Kadi za benki hupokewa karibu kila mahali. Wenyeji hulipana kwa simu kupitia mfumo wa Pix, ulioanza mwaka 2020, lakini mgeni asiye na akaunti ya benki ya huko hawezi kuutegemea. Noti ndogo ndogo zitahitajika ufukweni. Umeme ni wa volti 127 au 220 kutegemea mahali, na plagi ni za pini za mviringo.

Wizi wa simu ni jambo la kila siku, hasa wakati wa kanivali. Miteremko inayounganisha mji wa juu na wa chini isipitwe kwa miguu usiku. Mauaji ni mengi Bahia, ingawa mengi hutokea katika mitaa ya pembezoni ambako watalii hawafiki. Mwaka 2023 polisi wa jimbo hilo waliua watu wengi kuliko polisi wa jimbo jingine lolote la Brazil, wengi wao wakiwa vijana weusi. Kwa sababu hiyo, mgeni mweusi asitembee bila nakala ya pasipoti yake, na anaposimamishwa na askari atulie na aonyeshe mikono. Ubaguzi wa rangi ni kosa la jinai, na sheria ya mwaka 2023 iliyaweka matusi ya rangi katika kundi hilo hilo. Namba ya polisi ni 190, na ya gari la wagonjwa ni 192. Hospitali za umma humtibu bila malipo hata mgeni aliyepatwa na dharura.

Anayealikwa katika nyumba ya ibada ya Candomblé avae nguo nyeupe au za rangi nyepesi, na asipige picha bila ruhusa.

Mpangilio wa maandalizi

Anayelenga kanivali aweke nafasi ya malazi miezi sita kabla. Kwa miezi mingine, miezi miwili inatosha. Viza iombwe kabla ya kulipia tiketi isiyorejeshewa fedha. Siku tano ndizo kiasi cha chini: mbili za mji wa kale na makumbusho, mbili za fukwe, na moja ya kuvuka ghuba kwa kivuko hadi kisiwa cha Itaparica, safari ya takriban saa moja.

Mwenye nafasi ya kupita Rio de Janeiro atazame pia gati la Valongo, lililofukuliwa mwaka 2011 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2017. Waafrika waliofikishwa Bahia walitoka hasa upande wa magharibi wa bara, lakini miongoni mwa waliopita Valongo walikuwamo wengi waliopakiwa katika bandari za Msumbiji, wakiwamo Wamakua na Wayao, makabila ambayo hadi leo yanaishi pia Mtwara na Ruvuma. Mara nyingi makarani wa Rio hawakuyaandika majina ya makabila yao. Wengi waliandikwa kwa neno moja, Moçambique.